Hummus yangu ina chengachenga, ina uchungu, na siku ya tatu imechacha: nakosea wapi?

Swali: Shikamoo mama. Niko Dodoma, napika vitafunwa vya mikutano na shughuli ndogondogo. Siku hizi wateja wananiulizia hummus, ile rojo nzito ya dengu ya kuchovya mkate. Nimeijaribu kwa dengu za sokoni: naloweka usiku, asubuhi nachemsha, kisha nasaga kwenye blenda pamoja na ufuta niliokaanga, ndimu, kitunguu saumu na mafuta ya zaituni. Inatoka na chengachenga na uchungu fulani, na ile niliyoweka kwenye friji siku ya tatu nilikuta imechacha, inavuta. Mwezi ujao nina shughuli ya watu arobaini. Naipikaje, naihifadhije, naiandaaje? Na je, naweza kuijaza kwenye chupa nikaisambaza madukani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeniandikia kila kitu isipokuwa kile ambacho ningekuuliza kwanza: hizo dengu ulizichemsha mpaka zikawaje? Umesema "nachemsha" ukapita. Hummus hupatikana au hupotea hapo, kwenye sufuria. Blenda huja kumalizia kazi ambayo maji na moto vimekwisha kuifanya, na dengu iliyoiva kwa kuliwa na wali bado haijaiva kwa hummus.

Tuanze na dengu zenyewe. Za sokoni kwako bila shaka ni zile ndogo za kahawia, zina kona na ganda gumu, zinazotoka Shinyanga, Simiyu na Mwanza, ambako hupandwa kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua zikielekea ukingoni, zikakua kwa unyevu uliobaki ardhini. Ni dengu nzuri sana kwa mchuzi na kwa unga wa bajia, na sehemu kubwa husafirishwa kwenda India na Pakistani. Lakini watu wa Lebanon, Syria, Palestina na Jordan, ambao chakula hiki ni chao, hutumia aina nyingine: kubwa kidogo, za rangi ya maziwa, zenye ganda jembamba. Wafanyabiashara huziita kabuli. Utazipata kwenye maduka ya Wahindi na kwenye supamaketi, kavu au za kopo. (Wasomaji wetu wa Kenya wakumbuke kwamba ndengu zao ni choroko zetu; hizo hazihusiki hapa.)

Usipozipata kabuli, au bei ikikushinda, kuna njia ambayo watu wengi hawaifikirii: dengu za kupaaza, yaani zilezile za kahawia zikiwa zimekobolewa ganda na kupasuliwa. Ganda ndilo linaloleta nusu ya chengachenga zako, na hapa mwenye mashine amekwisha kukuondolea. Hummus yake inakuwa ya manjano zaidi na ladha yake ina utamu wa bajia kidogo, lakini inalainika vizuri na inaiva kwa muda mfupi. Kwa mpishi wa biashara anayehesabu gesi, mimi ningeanzia huko kabla ya kuhangaika na kumenya dengu mojamoja kama wanavyoshauri wengine. Kumenya kilo nzima ya dengu kwa mkono ni adhabu.

Sasa maji. Kinachoshikilia ganda na nyama ya dengu ni pektini, na kalisiamu iliyo kwenye maji magumu huikaza. Maji ya visima vingi huko Dodoma yana madini na chumvichumvi. Ukichemshia dengu humo peke yake unaweza kukesha na bado ukaambulia kiini kigumu katikati. Dawa yake ni bikaboneti ya soda. Inayafanya maji yawe na ualkali, pektini inalegea, maganda yanabanduka na kuelea. Kwa robo kilo ya dengu kavu tia kijiko kimoja cha chai, kisichojaa, kwenye maji mengi ya kulowekea. Asubuhi mwaga, suuza vizuri, tia maji mapya yapite juu ya dengu kiasi cha vidole vinne, kisha ongeza nusu kijiko cha chai. Usizidishe, maana ikizidi dengu inanukia sabuni na hakuna ndimu itakayoficha. Wala usiweke bekingi pauda ukidhani ni kitu kilekile: ile imechanganywa na tindikali, na tindikali inafanya kinyume cha unachotaka. Kwa sababu hiyohiyo ndimu, nyanya au ukwaju havigusi sufuria hii. Magadi ya mawe nayo yaache kwenye maharage ya nyumbani, kwa kuwa nguvu yake huwezi kuipima.

Kama usiku kwenu ni wa joto, loweka ndani ya friji. Dengu zilizokaa kwenye maji ya uvuguvugu kwa zaidi ya saa kumi na mbili huanza kutoa mapovu na harufu, na huo ni uchachu ulioanza kabla hata hujawasha jiko.

Chemsha kwa moto wa wastani, ukiengua povu na maganda yanayopanda juu. Saa usizitegemee sana. Dengu za mavuno mapya zinaweza kulainika kwa dakika arobaini, na zilizokaa ghalani kwenye joto mwaka mzima zikakuomba saa mbili au zaidi. Pima kwa vidole: ichukue moja, ibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikipondeka yote bila kubisha na usihisi punje katikati, imefika. Halafu iache dakika kumi nyingine. Zikianza kupasuka na mchuzi kuwa mzito, usiogope, ndivyo zinavyotakiwa. Ukitumia sufuria ya presha, usiijaze kupita nusu na ongeza kijiko cha mafuta, maana povu la dengu huziba valvu. Dakika thelathini na tano mpaka arobaini hutosha kwa zilizolowekwa. Za kopo nazo si tayari: zisuuze, uzichemshe tena dakika ishirini na bikaboneti kidogo. Chumvi tia mwishoni au wakati wa kuloweka, haina ugomvi mkubwa kama tulivyoambiwa na mama zetu.

Dengu zikiiva, chuja lakini uhifadhi kikombe cha mchuzi wake.

Uchungu wako una chanzo zaidi ya kimoja, na cha kwanza ni ufuta. Ulitia ufuta mzima uliokaangwa ndani ya blenda, pamoja na vitu vyenye maji. Punje ya ufuta ikishalowa haisagiki tena vizuri. Inakwepa kisu na kubaki chenga. Na kama ufuta wako haukukobolewa, ganda lake lenyewe lina uchungu. Kinachohitajika ni tahini, yaani ufuta uliokobolewa ukasagwa mkavu mpaka mafuta yake yenyewe yakaugeuza kuwa uji. Huko Nablus na Jerusalem ambako kazi hii ni ya vizazi, ufuta hulowekwa, ukasuguliwa maganda yalegee, kisha ukatiwa kwenye maji ya chumvi nyingi: maganda yanazama, viini vinaelea, vinaopolewa na kukaangwa taratibu kabla ya kwenda kwenye jiwe la kusagia. Wasagaji wa huko husifu sana ufuta wa Humera, kaskazini-magharibi mwa Ethiopia. Sisi Tanzania ni miongoni mwa wakulima wakubwa wa ufuta Afrika. Lindi na Mtwara wanauuza kwa tani kwenye minada ya ghalani, meli zinaubeba, halafu tunakwenda supamaketi kununua tahini ya chupa ndogo kwa bei ya nyama. Hilo linaniuma kila ninapopita kwenye rafu.

Kwa hiyo, ukiweza, tengeneza mwenyewe. Nunua ufuta mweupe uliokobolewa. Kaanga gramu mia tatu kwenye sufuria pana, moto mdogo, ukikoroga muda wote, mpaka utoe harufu na kuanza tu kubadilika rangi. Ukiwa wa kahawia umechelewa, uchungu umeshaingia. Uache upoe kidogo, usage ukiwa bado una joto kwenye kikombe kidogo cha blenda, kikavu kabisa. Utakuwa unga, kisha donge, kisha uji. Kama mashine yako ni dhaifu, ongeza vijiko viwili au vitatu vya mafuta ya alizeti, na kwa mtu wa Dodoma sidhani kama ninahitaji kumwelekeza yanakopatikana. Simamisha mashine ipumzike katikati. Tahini hiyo, maadamu hakuna tone la maji lililoingia, inakaa miezi kwenye chupa iliyofungwa, na mafuta yakipanda juu unakoroga tu. Ukinunua ya dukani, soma maelezo yake: iwe ufuta na labda chumvi, basi.

Siagi ya karanga badala ya tahini? Inalika. Lakini usimwite mteja wa Kilebanoni ukamwambia hiyo ni hummus.

Chanzo cha pili cha uchungu ni mafuta ya zaituni yaliyopigwa kwenye blenda. Yale mafuta halisi yaliyokamuliwa bila moto yana viambato ambavyo visu vya kasi huvitoa nje, na ladha inakuwa kali kooni. Mafuta ya zaituni yanamiminwa juu, kwenye sahani, mwisho. Ndani ya hummus utajiri wote unatoka kwenye tahini. Cha tatu ni ndimu iliyosagwa na mbegu au kipande cha ganda. Kamua kwa mkono, chuja.

Kitunguu saumu nacho kina siri ndogo. Ukali wake haumo ndani ya punje ukisubiri. Hutengenezwa pale unapoiponda, na tindikali huzuia utengenezaji huo. Kwa hiyo usikiponde peke yake. Kisage moja kwa moja ndani ya maji ya ndimu na chumvi, kiache dakika kumi, kisha chuja na utumie maji yake tu. Utapata harufu ya saumu bila ule moto unaobaki mdomoni mpaka kesho, na hummus yako haitazidi ukali ikilala kwenye friji.

Mpangilio wa kusaga, kwa robo kilo ya dengu kavu: vijiko vinne vya chakula vya maji ya ndimu vilivyosagwa na punje mbili za saumu na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisha vikachujwa. Tia kwenye blenda pamoja na gramu mia mbili za tahini. Itakaza ghafla, utadhani imeharibika. Usisimame. Ongeza maji ya baridi sana, kijiko kimojakimoja, nayo italegea, itakuwa nyeupe na kuteleza. Hapo ndipo dengu zinaingia, zikiwa na joto, si za kutoka kwenye friji. Saga dakika nne au tano, ukisimama kukwangua pembeni. Ikiwa nzito ongeza mchuzi wa dengu. Robo kijiko cha bizari nyembamba kinatosha. Wengine hawatii kabisa, na siwalaumu. Onja chumvi na ndimu. Iache ikiwa nyepesi kuliko unavyoitaka, kwa sababu ikipoa inakaza. Umeme ukikatika, kinu na mchi vinafanya kazi hii, kisha unapitisha kwenye chujio kwa mgongo wa upawa. Jasho litakutoka, lakini mabibi wa huko walifanya hivyo karne nyingi kabla ya soketi.

Hayo maji ya baridi. Kama ni vipande vya barafu ulivyogandisha kutoka bombani bila kuyachemsha, umeingiza maji mabichi kwenye chakula ambacho hakitarudi jikoni kuchemshwa. Kuganda hakuui vijidudu, kunavilaza tu. Chemsha maji, yapoze, yagandishe, ndiyo utumie. Nashuku sana sehemu ya uchachu wako ilianzia hapo.

Sehemu nyingine ni namna ulivyohifadhi. Nilipokuwa jikoni Muscat chini ya mpishi wa Kilebanoni, hummus ilisagwa mara mbili kwa siku na iliyobaki usiku haikurudi sahanini. Huko kwao wenyewe masharti ni makali zaidi. Katika mitaa ya zamani ya Jerusalem, Jaffa na Damascus hummus ni chakula cha asubuhi na mchana. Maduka mengi yanafungua mapema, sufuria za dengu zimekesha motoni, na sufuria ikiisha mlango unafungwa, hata kama bado ni mchana. Mtu hununua bakuli, anakula ikiwa na uvuguvugu. Wazo kwamba hummus ni kitu cha kukaa rafuni wiki tatu limetoka viwandani, na viwanda vina vitu ambavyo wewe huna: tindikali ya ziada, vihifadhi kama potasiamu sobeti, vifungashio vilivyozibwa, mnyororo wa baridi usiokatika. Na pamoja na yote hayo, Novemba 2016 kampuni ya Sabra ya Marekani ililazimika kuondoa bidhaa zake nyingi madukani kwa sababu ya bakteria wa Listeria waliogunduliwa kiwandani kwake.

Ndimu unayotia ni ya ladha. Haitoshi kuhifadhi. Ukiitazama kwa jicho la vijidudu, hummus ni ugali wa kunde wenye maji, protini na chumvi kidogo, yaani karamu. Katikati ya bakuli kubwa lililoingia kwenye friji likiwa na joto, hummus hukaa saa nyingi ikiwa vuguvugu, na joto kati ya nyuzi 5 na 60 ndilo wanalolipenda. Juu imepoa, ukigusa unaona baridi, kumbe ndani kunafanyika mambo. Hivyo ndivyo kinavyopatikana kile kinachovuta siku ya tatu.

Kwa hiyo: ukishasaga, igawe kwenye vyombo vifupi, kina kisizidi vidole vitatu, safi na vilivyokauka. Isimame nje muda mfupi tu, iingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu imalize kusagwa. Friji iwe nyuzi 4 au chini yake. Kipimajoto cha friji si ghali na kwa mtu wa biashara ni lazima kuliko hata blenda nzuri. Funika. Mafuta juu yanaizuia isikauke na kupasuka uso, ila hayazuii kuharibika. Chota kwa kijiko kisafi, na sahani iliyotoka mezani isirudishwe kwenye chombo, kwa maana mkate uliochovywa umekwisha kupita mdomoni mwa mtu. Ukifanya yote haya, siku tatu ziko salama, ya nne ndiyo ya mwisho. Kwa mteja anayelipa mimi ningesema mbili.

Usitegemee pua. Kuchacha na kuvuta ni hisani, kunakuonya. Salmonella na Listeria havina harufu, na Listeria hukua hata ndani ya friji, jambo linalowahusu sana wajawazito na wazee. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hushika baridi kwa takriban saa nne. Ukirudi baada ya hapo, hummus imwage bila kuionja.

Kugandisha kunawezekana, lakini gandisha dengu zilizoiva, si hummus. Ziweke kwenye mifuko ya robo kilo na mchuzi wake kidogo, zilale friza hata miezi mitatu. Siku ya kazi unazichemsha zitokote, unachuja, unasaga zikiwa za moto, na hakuna atakayejua. Hummus yenyewe ikiganda na kuyeyuka hutoa maji na kupoteza ulaini. Inabidi uiyeyushie ndani ya friji usiku kucha, kisha uipige upya na kijiko cha tahini. Kwa nyumbani sawa.

Sasa watu wako arobaini. Usitishike na idadi hiyo: Mei 2010 wapishi wapatao mia tatu wa Lebanon walitengeneza sinia moja ya kilo 10,452, hesabu waliyoichagua kwa sababu nchi yao ina kilomita za mraba 10,452, ili kuipiku Israel ambako Januari ya mwaka huohuo watu wa Abu Ghosh walikuwa wametengeneza zaidi ya kilo 4,000. Wewe unahitaji kilo tatu na kidogo, gramu themanini kwa mtu kama kitafunwa kimoja kati ya vingine. Hiyo ni kilo moja ya dengu kavu, gramu mia nane za tahini, robo lita ya maji ya ndimu na punje nane za saumu. Ikiwa shughuli ni Jumamosi mchana, loweka Alhamisi usiku. Ijumaa asubuhi chemsha mpaka zipondeke, zitandaze kwenye trei zipoe upesi, ziingie kwenye friji na mchuzi wake kwenye chombo cha pembeni. Andaa na ndimu siku hiyo, lakini saumu isubiri. Jumamosi alfajiri rudisha dengu kwenye moto zitokote, chuja, saga kwa mafungu manne ili blenda isiungue, changanya mafungu yote kwenye beseni moja ili ladha iwe moja, onja, gawa, weka baridi. Ukibeba, iwe kwenye boksi la barafu. Usisage Ijumaa ati upate usingizi. Utalala, lakini hummus ya Jumamosi asubuhi na ya Ijumaa jioni ni vitu viwili.

Mezani usiweke beseni moja katikati. Tumia sahani pana, bapa, kadhaa ndogo, na ukitoa moja iliyoliwa lete nyingine mpya, usiongezee juu ya mabaki. Saa mbili nje ndizo mwisho wake, na chini ya turubai lenye joto la nyuzi 32 na zaidi ni saa moja. Iache itoke kwenye baridi kama dakika ishirini kabla ya kuliwa, kwani ikiwa ya baridi kali ladha ya ufuta inalala. Mimina rundo katikati ya sahani, uzungushe kwa mgongo wa kijiko ukisukuma kwenda pembeni ili ubaki mfereji. Kwenye mfereji mimina mafuta ya zaituni bila ubahili, weka dengu nzima chache ulizozitenga, bizari kidogo, pilipili nyekundu ya unga isiyo kali, majani ya kotmiri yaliyokatwa. Kwao hutumia parsli, lakini kotmiri haidhuru.

Mkate wa pita si lazima. Mkate wa ajemi unafaa kuliko pita nyingi za mifuko ninazoziona, na mkate wa mofa ukipata mtu wa kukupikia ni bora zaidi. Chapati iwe kavu, isiyo na mafuta mengi, ukate pembetatu. Tango, karoti, na kitunguu maji kibichi kilichokatwa robo kisha kikabanduliwa tabaka: Waarabu wa Shamu, yaani Syria na majirani zake, hutumia tabaka hilo kama kijiko, na achari pembeni. Ukitaka iwe chakula kamili, kaanga nyama ya kusaga ya kondoo au mbuzi na kitunguu, mdalasini na pilipili manga, uimwage juu ikiwa ya moto. Wao humalizia na mbegu za msonobari. Bei yake ni ya kutia huzuni, korosho zilizokatwa na kukaangwa kidogo zinaziba pengo hilo vizuri. Kuhusu hummus ya biti-ruti yenye rangi ya waridi, wateja wa mikutano wanaipenda kwa picha. Ya chokoleti sitaki hata kuulizwa.

Kwa mikutano ya ofisini ushauri wangu ni vikombe vidogo vyenye mfuniko, kila mtu na chake, mboga zimesimamishwa ndani. Kinaisha kile cha mtu huyu, hakuna kuchovya kwa pamoja, na wewe unajua umepeleka vingapi na vimerudi vingapi.

Kuhusu chupa za kukaa rafuni bila friji, jibu ni hapana, na usimsikilize anayekuambia uzichemshe kwenye maji baada ya kujaza. Hummus ni nzito, joto halifiki katikati kwa uhakika. Ina tindikali kidogo. Na chupa iliyozibwa haina hewa. Hayo matatu pamoja ndiyo mazingira ya bakteria wa botulizimu, ambao mbegu zao hazifi kwa maji yanayochemka na sumu yao inaua. Kwa sababu hiyohiyo usiweke saumu mbichi ndani ya mafuta ukaiacha kabatini. Unachoweza kuuza ni hummus ya baridi, ya siku mbili, kwa oda. Ukitaka kwenda mbali zaidi, pita kwanza SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani kwako wakuelekeze kuhusu ufungashaji, halafu TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wenye dhamana ya usalama wa chakula baada ya kazi hiyo kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Watataka sampuli ipimwe, nawe ndipo utakapojua kwa hakika inakaa siku ngapi kwa namna unavyoitengeneza wewe.

Na kwenye kila kikombe andika mambo mawili: tarehe iliyosagwa, na kwamba kina ufuta. Wapo watu ambao ufuta huwavimbisha koo, na tangu tarehe 1 Januari 2023 sheria ya Marekani inalazimisha utajwe kwenye vifungashio kama karanga na maziwa. Wageni wa mikutano hutoka kila mahali, hivyo muulize mwenye shughuli kabla hujaenda kununua dengu kama kuna asiyekula ufuta. Huyo muandalie kikombe chake cha dengu zilizosagwa na ndimu, saumu na mafuta ya zaituni yaliyokorogewa kwa mkono, bila tahini, kwa chombo na kijiko chake, na usagie cha kwake kwanza kabla blenda haijaguswa na ufuta.